Wanawake Kumi na Tisa wa Nuu

Msimamizi wangu aliniambia nifute wanawake kumi na tisa, nikamwambia sifuti.

Hakuwa amekasirika. Pengine ndiyo maana nilikasirika mimi. Alisema "futa" kama mtu anayekuagiza utoe vijiwe kwenye ndengu kabla ya kuzitia chunguni, na kwake ilikuwa hivyo kweli: mistari kumi na tisa katika jedwali refu, inayoharibu mchoro ambao ungependeza bila hiyo. Tulikuwa ofisini mwake chuoni Nairobi, asubuhi, dirisha wazi kwa sababu feni ilikuwa imeharibika tangu niandikishwe. Aligeuza kompyuta yake ili nione.

"Tazama hapa. Mutomo, modeli yako inakwenda vizuri. Matiliku, vizuri sana. Halafu hawa wanakuja kutuaibisha. Hizo ni kelele tu, binti yangu, namba zisizo na maana. Data ya vijijini haikosi kelele. Futa, tuendelee."

"Wote kumi na tisa wanatoka Nuu," nikasema. "Kijiji kimoja."

"Basi kijiji hicho kina kelele."

"Na wote wamepita miaka hamsini."

"Kelele za wazee." Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na wengi tulimpenda kwa hilo.

"Kwa nini kelele ichague umri, profesa?"

Aliacha kucheka akafunga kompyuta. "Makala inatumwa baada ya wiki mbili," alisema. "Hospitali inayotaka kukijaribu hicho kitu chako inasubiri. Wewe unataka kufanya uzamifu au unataka kufanya upelelezi?"

Niliondoka bila kufuta.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa maneno machache, maana mama yangu amenilazimisha kuieleza mara nyingi. Muuguzi akitaka kujua kama una upungufu wa damu na hana mashine, anavuta ukope wako wa chini na kutazama ndani. Pakiwa pekundu, uko sawa. Pakiwa peupe, kuna shida. Mimi nilitaka kuifundisha akili unde kazi hiyo, itazame picha ya ndani ya ukope iliyopigwa kwa simu ya kawaida na kusema mwanamke huyu ana damu ya kutosha au hana. Ili ijifunze nilihitaji vitu viwili kutoka kwa kila mwanamke: picha ya jicho lake, na kipimo cha damu yake kilichochukuliwa zahanati kwa kudungwa kidole. Mashine inaonyeshwa picha, inaambiwa jibu, tena na tena, mpaka inaanza kujibu yenyewe.

Mama yangu anauza nafaka soko la Matiliku. Siku nilipomweleza mara ya kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akifunga gunia.

"Kwa hivyo wewe utakuwa daktari."

"Ndiyo, mama."

"Wa kudunga sindano?"

"Hapana. Wa kompyuta."

"Na kompyuta huwa mgonjwa?"

Wanawake wa vibanda vya jirani walicheka wiki nzima. Nikipita wananiita, "Daktari wa kompyuta, njoo, redio yangu ina homa!"

Nimekuwa mtu wa maswali tangu utotoni, na sijawahi kupata faida yoyote kwa hilo. Nikiwa na miaka tisa nilimwuliza mchungaji wetu kwa nini wale watu elfu tano waliolishwa mikate walihesabiwa wanaume peke yao. Nani aliamua wanawake na watoto wasihesabiwe, na walikula mikate mingapi? Mchungaji alisema hilo ni swali zuri, kisha akamwita baba yangu pembeni. Chuoni nilihoji kila kitu pia: vifaa vilivyotengenezwa kwa macho ya watu wa nchi nyingine, makala zinazosema "Afrika" zikimaanisha hospitali moja. Wenzangu wa maabara walinionya. "Usibishane na mtu anayeshika kalamu ya sahihi yako," mmoja aliniambia. Kwetu hiyo ilikuwa kama amri ya kumi na moja. Mwanafunzi wa uzamifu anaweza kukosa usingizi, mchumba na uzito wa mwili, lakini sahihi ya msimamizi hawezi kuikosa. Bila sahihi hiyo, miaka yako mitatu ni faili tu kwenye kompyuta.

Jioni hiyo nilifungua picha za wale kumi na tisa, moja baada ya nyingine, jambo ambalo nina aibu kusema sikuwa nimelifanya kabla. Watu wa kazi yangu hatutazami picha. Tunatazama namba zinazotoka kwenye picha. Nilikuwa nimezungumza juu ya macho ya wanawake wa Ukambani katika mikutano miwili bila kuyatazama.

Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa miaka sitini na mbili. Ngozi chini ya jicho ilikuwa laini kama ya msichana wa kidato cha nne. Ya pili, miaka hamsini na saba, vivyo hivyo. Ya tano ndiyo iliyonisimamisha. Fomu ilisema miaka sitini na nane, mkulima, wajukuu kumi na mmoja. Kidole kilichovuta ukope kilionekana pembeni mwa picha, na ukucha wake ulikuwa umepakwa rangi nyekundu yenye vimetameta.

Sisemi bibi wa miaka sitini na nane hawezi kupaka kucha rangi. Nasema nilienda Nuu.

Picha za kijiji kile zilipigwa na mhudumu wa afya ya jamii ambaye kila mtu humwita mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha shule ya msingi kabla ya kuacha na kununua pikipiki. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, shemasi kanisani, fomu zake safi kuliko za wote. Nilipokuwa nawafundisha wahudumu, nilikuwa namsifu mbele ya wengine. Sasa alinipokea chini ya paa la duka la vifaa vya shamba, akasikiliza, akakunja uso.

"Madam, unataka kusema nilidanganya?"

"Nataka kujua ni nani alipigwa picha."

"Fomu inasema ni nani. Mimi nilienda kila nyumba. Kwa miguu, pale pikipiki haipiti."

"Mwalimu, bibi wa miaka sitini na nane ana kucha za salunini."

Nilimwonyesha. Aliitazama picha ile, kisha akageuza uso haraka, kama mtu aliyeonyeshwa kitu cha haya. Hapo nilianza kuelewa kwamba kuna jambo silielewi.

"Hii ni nyumba ya nani?" aliuliza. Nilimsomea namba ya nyumba. Alivua kofia.

"Hapo ni kwa mama mkwe wangu."

"Na wengine?"

"Kijiji chote hicho ni ukweni, madam. Mke wangu ametoka huko. Kila mama wa umri wa mama yake ni mama mkwe wangu." Akaivaa kofia tena. "Nilikuambia."

Na kweli aliniambia. Nilikumbuka vizuri siku ile, na nikikumbuka mpaka leo nasikia joto masikioni. Tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa tunagawana vijiji. Niligawa kwa ramani: kompyuta ilikuwa imepanga nani yuko karibu na wapi, ili mtu asitembee mbali. Mwalimu alinyoosha mkono akasema, "Madam, huko mnakonipeleka ni ukweni." Nami nikamjibu kwa furaha, mbele ya watu wote, "Vizuri sana! Watakupokea vizuri." Kwenye daftari langu niliandika kwamba anafahamika na jamii, na nikaongeza alama ya tiki.

Mimi ni Mkamba. Nilikuwa najua. Kwetu tunaiita nthoni, ile heshima yenye haya kati ya mtu na wakwe zake. Nimemwona nyanya yangu mzaa mama akiacha njia na kuingia shambani kwa sababu baba yangu anakuja upande wa pili. Sikuwahi kuwaona wakila meza moja. Lakini nilishaamua, nikiwa na miaka kumi na saba na kitabu mkononi, kwamba hayo ni mambo ya zamani yasiyo na maana, na kitu nilichokwisha kuamua hakina maana sikukiulizia tena. Huyo ndiye mtu aliyejiona anahoji kila kitu.

"Basi ulipigaje picha?" niliuliza.

"Sikupiga. Nilisimama nje langoni, nimegeuka. Nikampa simu msichana wa nyumba, akaingia nayo kumpiga picha mama yake, akaniletea. Nikachungulia tu kama imetoka vizuri, nikatuma. Si uliandika tuhakikishe kila picha imetoka vizuri kabla ya kutuma?"

Niliandika mimi, kanuni ya saba.

Hakutaka kunisindikiza mpaka nyumbani. Alinipeleka hadi njia panda, akanyoosha mkono kuonyesha mwelekeo, akageuza pikipiki.

Mama mkwe wake alikuwa anapepeta mtama uani. Mwanamke mwembamba, mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao, na aliniangalia kama mwenyekiti.

"Wakya," alinisalimu.

"Aa," nikaitika, nikaketi pale aliponionyesha. Binti yake alitoka jikoni akifuta mikono, mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, mfanyakazi wa salunini Mwingi aliyekuja nyumbani kwa wiki moja. Nilitazama kucha zake. Safari hii zilikuwa za bluu.

Sikuwa na haja ya kuuliza kwa kuzunguka. Nilisema nilichokiona kwenye picha. Binti akaangua kicheko, akaziba mdomo.

"Mama, si nilikuambia watajua!"

"Nyamaza," mama akasema, lakini naye alikuwa karibu kucheka. Kisha akanigeukia. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Matiliku, mama."

"Ni Mkamba?"

"Ndiyo."

"Mama yako hakukufundisha?" Akaweka ungo chini. "Sikiliza, mwiitu wakwa, binti yangu. Muthoni wangu, huyo mume wa binti yangu, alikuja na simu. Mtu mzuri, hata leo simwambii mtu jambo baya juu yake. Akasimama langoni kama inavyotakiwa. Nikasema sawa, msichana atanipiga picha. Halafu msichana ananiambia, mama, yeye lazima aitazame kwanza. Aitazame! Ndani ya jicho langu, limefunuliwa hivi!" Akavuta hewa kana kwamba anavuta ukope. "Akinitazama kwa simu si amenitazama?"

"Kwa hivyo ukampa binti yako ajipige yeye."

"Jicho ni jicho. Na mlitaka jicho."

"Na wale wengine kumi na wanane?"

Hapo hata yeye alitazama kando. "Tuliongea baada ya ibada," alisema. "Ushirika wa kina mama. Tulikubaliana. Asiye na binti alitumia mjukuu. Hatukutaka kijana wetu akose kazi, na hatukutaka kumvunjia heshima. Wewe ungefanya nini?"

Walikuwa wamelijadili. Walikuwa wamepiga kura, kwa namna yao, wakapata njia inayomlinda kila mtu isipokuwa mashine yangu. Damu walienda kutoa wenyewe, kwa sababu zahanati muuguzi ni mwanamke. Kwa hivyo katika jedwali langu damu ya mama ilikuwa imeketi karibu na jicho la binti, mara kumi na tisa, na profesa akaiita kelele.

Nilimwomba kitu kimoja kabla ya kuondoka. Fomu yake ya ridhaa ilikuwa na alama ya dole gumba lake, na mimi si mkwe wake. Alikubali. Alivuta ukope mwenyewe, kwa kidole chenye vumbi la mtama, nikapiga picha. Nilikuwa na modeli kwenye simu. Nikaiuliza.

Mashine ikajibu: damu ya kutosha.

Nilichukua kadi yake ya zahanati. Kipimo cha damu kilikuwa cha chini, chini kiasi kwamba muuguzi alikuwa amempa vidonge na kumpangia tarehe ya kurudi. Nikatazama jicho lenyewe, si simu. Ukope wake ulikuwa mwekundu, ndiyo, lakini wekundu wa aina nyingine, wa kuwashwa, wa mtu aliyepuliza moto wa kuni zaidi ya miaka arobaini katika jiko lisilo na dirisha. Moshi ulikuwa umepaka rangi juu ya upungufu wa damu. Mashine haikuwahi kuona jicho kama hilo. Kina mama wa Mutomo na Matiliku walikuwa vijana, tuliowapata kupitia kliniki ya wajawazito na kuwafuata nyumbani. Wazee niliodhani ninao walikuwa binti zao.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

"Inasema huna shida."

"Kumbe!" Akamgeukia binti yake. "Basi mtungi nitaubeba mwenyewe, mashine imesema mimi ni mzima. Mtoni napumzika mara nne, lakini mimi ni mzima."

Nilirudi Nairobi na picha ile na nakala ya kadi ile. Nilidhani nikimwonyesha msimamizi, atashtuka kama mimi. Alisikiliza hadithi nzima, na kwa kweli alicheka pale pa kucheka, kisha akasema:

"Vizuri. Sasa unajua kwa nini ni kelele. Futa."

"Profesa, tukifuta tunabaki na mashine ambayo haijaona mzee hata mmoja anayepikia kuni. Na makala inasema inafaa wanawake wote."

"Andika sentensi moja ya tahadhari mwishoni."

"Na wale mabinti? Tulichukua picha zao bila ridhaa. Hawakutia sahihi popote. Lazima kamati ya maadili iambiwe."

Alisimama akaenda dirishani. Nataka kuwa mwenye haki kwake, maana hakuwa mtu mbaya, na alichosema hakikuwa upuuzi.

"Ukiiambia kamati, watasimamisha kila kitu. Si Nuu tu. Unajua wanavyofanya kazi. Mwaka utapita. Hospitali itatafuta watu wengine, watu wa nje, wenye modeli mbaya kuliko yako na wasiojua hata Nuu iko wapi. Mimi ninastaafu. Sitakuwa hapa kukushika mkono. Utakaa na miaka yako minne, mitano, bila cheti, ukimsaidia mama yako kupima ndengu. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kosa ambalo hakuna anayelijua na halijamuumiza mtu."

"Yule mama mashine imemwambia ni mzima."

"Muuguzi amemwambia si mzima. Ndiyo maana kuna wauguzi."

"Na pale ambapo hakuna muuguzi? Si ndipo tulisema tunataka kuipeleka?"

Alinigeukia. "Kila tasnifu unayoiona kwenye kabati hilo ina kitu kilichofutwa," alisema polepole. "Hata yangu."

Nilitazama kabati. Vitabu vyeusi vyenye maandishi ya dhahabu, majina ya watu walionitangulia. Sikuwahi kumwuliza yeye alifuta nini. Ni swali pekee ambalo niliwahi kulimeza kwa huruma.

"Basi ya kwangu haitakuwa nacho," nikasema.

"Sitatia sahihi barua ya namna hiyo."

"Sijaleta barua ya kutia sahihi, profesa. Nitaituma mwenyewe."

Nilituma siku iyo hiyo kabla woga haujapata muda. Ukurasa mmoja na nusu. Niliandika kwamba picha kumi na tisa si za watu waliotajwa, kwamba waliopigwa hawakuombwa ridhaa, na kwamba kosa ni langu kwa sababu mhudumu alinionya, nami sikusikia. Kabla ya kutuma nilimpigia mwalimu simu nikamsomea.

"Umeniweka ndani?" aliuliza.

"Nimekuweka pale uliposema ukweli."

"Jina?"

"Hakuna jina."

Nikasikia mbuzi upande wa pili. "Ondoa hapo uliposema nilisimama langoni nimegeuka," alisema. "Watanicheka."

"Hapo ndipo ulipofanya jambo sahihi, mwalimu."

"Basi acha."

Kamati ilifanya kama profesa alivyotabiri. Kazi ilisimamishwa. Makala iliondolewa kwenye mkutano, na hospitali iliandika barua fupi ya kututakia heri. Wenzangu wa maabara walianza kunisalimu kwa upole ule wa matanga. Profesa alinijibu barua pepe kwa neno moja moja: "Sawa." "Nimeona." "Baadaye." Niliporudi Matiliku kwa muda, mama aliniuliza kama kompyuta imepona. Nikamwambia ndiyo kwanza imelazwa.

Miezi mingi baadaye kamati iliniruhusu kuendelea kwa masharti. Niende kwa kila binti aliyepigwa picha, nimweleze, akubali au nifute mbele yake. Kisha niwapige picha mama wenyewe, kwa mikono ya mwanamke. Nilimpata mhudumu mwingine, mama wa makamo aliyezaliwa mbali na kijiji hicho na asiye na mkwe popote karibu. Nilimwuliza mara tatu. Mara ya tatu alikasirika: "Unataka nikuletee ukoo mzima uuhoji?"

Mabinti wengi walikubali huku wakicheka. Mmoja aliuliza kama jicho lake limefika ng'ambo. Yule wa salunini tulimkuta ameketi mlangoni na mteja wa kusukwa. Nilimweleza kwa dakika kumi. Nilimwambia jinsi picha yake ilivyo na faida, inavyoonekana vizuri, itakavyosaidia.

"Hapana," alisema bila kuacha kusuka. "Nilimsaidia mama. Sikukusaidia wewe. Futa."

Nilihisi hoja zote za profesa zikipanda kooni mwangu, zile zile, moja moja, na sauti yake. Nikazimeza. Nilimpa simu aone, nikafuta, akabonyeza mwenyewe kuhakikisha haipo. "Asante," akasema, na kumgeuza mteja kichwa.

Mashine ilipojifunza upya, ikiwa na macho ya wazee wa kweli na moshi wao, ilikuwa dhaifu kuliko ile ya kwanza. Kuhusu hilo niliandika sura nzima. Profesa aliisoma, akarudisha rasimu ikiwa na maneno mekundu pembeni: "Hii iwe kiambatisho." Nikairudisha kama ilivyo. Akairudisha. Nikairudisha. Mara ya nne alitia sahihi kwenye fomu ya kuniruhusu nifike mbele ya jopo, akaandika chini yake kwa mkono: "Kwa msisitizo wa mwanafunzi." Ile karatasi nimeihifadhi.

Jopo lilikuwa na watu watano, na yeye pembeni. Mtahini mmoja, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alifungua sura ile.

"Kwa hivyo mashine yako sasa ni mbaya kuliko ilivyokuwa."

"Ndiyo."

"Na unaomba shahada kwa hiyo."

"Naiomba kwa sababu sasa tunajua ni mbaya kwa nani."

Hakutabasamu. "Umetuambia kilichotokea Nuu. Mutomo je? Matiliku?"

"Huko matokeo yalikuwa mazuri," nikasema, na nikasikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwangu kama imetoka kwa mtu mwingine.

"Hilo si swali langu. Huko ni nani aliyeshika simu?"

Sikujua. Niliwatazama wote watano na nikasema hivyo: sijui. Niliombwa nisubiri nje. Baada ya muda msimamizi wangu alitoka peke yake, koti mkononi.

"Wamekurudisha," alisema. "Nyumba zote. Kila picha, uende uthibitishe ni jicho la nani. Mwaka mwingine, labda zaidi." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kulikuwa na kitu kama kicheko machoni mwake. "Umefurahi sasa?"

"Wameuliza swali zuri, profesa."

"Mungu wangu," alisema. "Nenda basi."

Jumatatu nilikuwa Mutomo. Nyumba ya kwanza kwenye orodha ilikuwa nyuma ya soko la mbuzi. Mama mwenye mtoto mgongoni alitoka, akasikiliza nilikotoka na ninachotaka, akaitazama fomu yake mwenyewe ya miaka mitatu nyuma. Nilimwuliza siku ile ni nani aliyeshika simu.

"Wewe ulitaka ashike nani?" akasema. "Keti kwanza. Hiyo ni habari ndefu."

Nikatoa daftari.